Mizani ya Anubis: Uhakiki wa Mchezo wa Kamari "Book of Dead"

Ndugu wasomaji, baadhi yenu mtashangaa kuona kurasa za nadharia zikitumika kuhakiki mchezo wa kamari. Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia, ngonjera na filamu, kwa sababu tunakubaliana kwamba kazi za sanaa hubeba itikadi ya tabaka lililozitengeneza. Lakini hebu tujiulize: kijana wa leo mwenye simu ya mkononi anasoma riwaya ngapi kwa mwaka? Na picha zilizomo ndani ya simu hiyo anazitazama kwa saa ngapi kwa siku? Kama ni kweli kwamba itikadi huwafuata watu pale walipo, basi mhakiki naye hana budi kwenda huko huko.

Iko sababu ya pili, nayo ni ya karibu zaidi. Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja, kijana mwenye bidii, alitujia kuomba nauli ya kurudi kwao. Fedha zake za matumizi ya mwezi mzima zilikuwa zimekwisha kwa usiku mmoja. Tulipomwuliza zimekwenda wapi, alitoa simu akatuonyesha picha za nguzo, mahekalu na miungu ya Misri ya kale. Akasema, "Ndugu Mkufunzi, kilibaki kitabu kimoja tu." Tulimkaripia kwa uvivu na tamaa, tukampa nauli, tukadhani kazi imekwisha. Uhakiki huu ni pamoja na kujikosoa kwetu, kwa maana siku ile tulihukumu kabla ya kuchunguza, na hiyo si tabia ya kada.

MCHEZO WENYEWE

"Book of Dead" ulitolewa mwaka 2016 na kampuni ya Play'n GO ya Uswidi. Haukuzaliwa peke yake. Kampuni ya Novomatic ya Austria ilikwisha kutoa "Book of Ra" mwaka 2005, na kampuni ya IGT ya Marekani ina mchezo wake unaoitwa "Cleopatra". Yote hii ni jamii moja na zile mashine za sarafu ambazo vijana wetu wa mitaani wanaziita madubwi, isipokuwa sasa mashine imeingia ndani ya simu, na sarafu imegeuka kuwa fedha ya mtandao wa simu.

Mchezo uko hivi. Kwenye kioo pana magurudumu 5, kila moja likionyesha picha 3, na ipo mistari 10 ya malipo. Mchezaji anaweka dau na kubonyeza. Magurudumu yanazunguka na kusimama. Picha za namna moja zikijipanga katika mstari kuanzia kushoto, analipwa. Picha ya kitabu ina kazi mbili. Kwanza, inaweza kushika nafasi ya picha nyingine yoyote. Pili, vitabu 3 vikitokea popote, mchezaji hupewa mizunguko 10 ya bure, na katika mizunguko hiyo picha moja iliyochaguliwa hupanuka na kujaza gurudumu zima. Hapo ndipo malipo makubwa yanapopatikana, na hiyo ndiyo sababu kila mchezaji hukesha akingoja vitabu 3.

Sasa lazima tuelewe jambo moja la msingi: magurudumu hayo hayapo. Mwishoni mwa karne ya 19, Charles Fey wa San Francisco alipotengeneza mashine yake, magurudumu yalikuwa ya chuma na yalizunguka kweli. Katika simu hakuna kinachozunguka. Mara kidole kinapogusa kitufe, programu inachagua namba kwa kubahatisha, na matokeo yanakuwa yamekwisha kuamuliwa. Mzunguko unaofuata ni maonyesho tu. Vitabu 2 vinapotokea, magurudumu yaliyobaki hupewa mzunguko wa kutia hamu na sauti ya kupandisha moyo, lakini hakuna kitabu cha tatu kilichokuwa njiani kikachelewa. Kwa hiyo kauli ya mwanafunzi wetu kwamba "kilibaki kitabu kimoja tu" haikuwa habari ya jambo lililotokea. Ilikuwa ni hisia aliyotengenezewa, naye akaibeba mpaka ofisini kwetu kana kwamba ni hesabu yake mwenyewe.

SHUJAA NI NANI?

Mhakiki huuliza kwanza: katika kazi hii shujaa ni nani? Hapa shujaa ni mtafiti Mzungu anayeitwa Rich Wilde. Jina lake la kwanza kwa Kiingereza lina maana ya "tajiri". Haoni shida kuingia katika makaburi ya watu, kwani katika mchezo makaburi hayana wenyewe. Tazameni jedwali la malipo: picha yenye thamani kubwa kuliko zote za mistari ni sura ya Rich Wilde. Farao yuko chini yake. Anubis yuko chini ya farao. Chini kabisa zimewekwa alama za karata. Basi katika kioo kimoja cha simu limepangwa lile gredi la wakoloni: juu mgeni aliyekuja kuchukua, chini yake wafalme na miungu ya wenyeji. Na wenyeji wenyewe, yaani Wamisri wenye mikono na matumbo, hawana hata picha moja.

Hili si jambo la kubuni hewani. Mwaka 1798 Napoleon aliivamia Misri. Jiwe la Rosetta, lililopatikana mwaka 1799, lilichukuliwa na Waingereza baada ya kuwashinda Wafaransa, na tangu mwaka 1802 limo katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London. Mwaka 1888 mtumishi wa jumba hilo hilo, Wallis Budge, alilinunulia huko Misri gombo la mafunjo la mwandishi aliyeitwa Ani, akalisafirisha kwa siri bila ridhaa ya wenye mamlaka. Gombo hilo, lenye urefu unaozidi mita 23, lilikatwa vipande 37. Nalo ni nakala maarufu kuliko zote za maandishi ambayo mchezo huu umejipachika jina lake.

Hapa tunaona kazi ya itikadi. Mvulana wa Kiafrika anayecheza anaalikwa kujiweka katika viatu vya mwizi wa makaburi ya Afrika, na kufurahi pale sura ya mwizi inapojaa kioo. Wanazuoni kama Cheikh Anta Diop na Théophile Obenga walisafiri hadi Cairo mwaka 1974, katika mkutano ulioitishwa na UNESCO, kutetea hoja kwamba Misri ya kale ni sehemu ya historia ya Afrika. Mchezo huu hauwajibu kwa hoja. Unawajibu kwa mapambo.

KITABU KINASEMA NINI?

Jina "Kitabu cha Wafu" si la Wamisri. Lilitolewa na mtaalamu wa Kijerumani, Karl Richard Lepsius, mwaka 1842. Wamisri wenyewe walikiita kwa maneno yenye maana ya kutoka na kuingia katika mwanga wa mchana. Kilikuwa mkusanyiko wa maombi na maelekezo ya kumwongoza marehemu.

Picha yake inayojulikana zaidi ni ya mizani. Moyo wa marehemu unawekwa katika sahani moja, na unyoya wa Maat, yaani ukweli na haki, katika sahani ya pili. Thoth anaandika matokeo. Mnyama Ammit, mwenye kichwa cha mamba, anangoja kuumeza moyo utakaoshindwa. Na ni nani anayepiga magoti kuhakikisha kwamba mizani iko sawa? Ni Anubis. Tena, katika orodha ya maovu ambayo marehemu anakana mbele ya waamuzi, yamo haya: kwamba hakuiba, hakupunguza kipimo cha nafaka, na hakuchezea mizani.

Hatusemi kwamba kitabu hicho kilikuwa cha wanyonge. Gombo zuri lilikuwa na bei, na aliyekuwa nalo alikuwa mtu wa cheo. Dini ya mafarao ililinda utawala wa mafarao. Hata hivyo watu wale, pamoja na ukabaila wao wote, waliona kwamba kosa la kuchezea mizani ni kubwa kiasi cha kuulizwa mtu hata baada ya kufa. Sasa Anubis, mlinzi wa mizani, ameajiriwa kupamba mizani ambayo imepindwa makusudi kabla mchezaji hajaweka senti yake. Huo ndio mgongano mkubwa uliomo katika kazi hii, na watengenezaji wake wala hawauoni.

MIZANI ILIVYOPINDWA

Tuseme kweli: kampuni haifichi. Katika maelezo ya mchezo huandikwa kiwango cha malipo, na kiwango cha kawaida cha "Book of Dead" ni asilimia 96.21. Yapo pia matoleo ya viwango vya chini ambayo mwenye kasino anaweza kuyachagua. Kijana akisoma 96.21 anadhani ni sawa na alama za mtihani. Anasema, "Napoteza kidogo sana." Hebu tupige hesabu ubaoni.

Chukua Sh. 10,000. Mchezaji akizizungusha zote mara moja, kwa wastani atabaki na Sh. 9,621. Akizizungusha hizo tena, Sh. 9,256. Mara ya tatu, Sh. 8,906. Akifikisha mara 18, kwa wastani amebakiwa na Sh. 4,988, yaani nusu imekwisha kwenda. Na kuzungusha Sh. 10,000 kwa dau la Sh. 100, ikiwa anabonyeza kila baada ya sekunde 6, ni kazi ya dakika 10 tu. Kwa mwendo huo, saa moja ni mizunguko 600; dau lote alilopitisha ni Sh. 60,000, na sehemu ya mwenye mchezo kwa wastani ni Sh. 2,274. Wazee wetu walisema bandu bandu huisha gogo. Shoka hapa ni asilimia 3.79.

Atatokea mtu aseme, "Lakini fulani alishinda." Ni kweli, wapo wanaoshinda, na lazima wawepo, kwa sababu bila wao hakuna atakayecheza. Wastani haumgusi kila mtu sawasawa: wengi hupoteza upesi kuliko hesabu yetu, na wachache huinuka kwa muda. Lakini fedha ya mshindi haitoki katika shamba wala kiwandani mwa kampuni. Inatoka mifukoni mwa wachezaji wenzake, baada ya mwenye mchezo kujichotea fungu lake. Mchezo hauzalishi hata kibaba kimoja cha mahindi. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo. Lakini haba ni zetu na kibaba ni chao.

Na programu haina deni wala kumbukumbu. Mtu aliyepoteza mara 50 mfululizo hana haki zaidi ya kupata vitabu 3 katika mara ya 51 kuliko aliyeanza sasa hivi. Kila mzunguko unaanza upya. Imani kwamba "sasa ni zamu yangu" ndiyo mrija ambao damu hupitia.

MASHINE NA AKILI YA MTU

Tulisema tulimkaripia kijana kwa uvivu. Hilo lilikuwa kosa la uchambuzi. Mvivu hakeshi. Kijana yule alibonyeza usiku kucha kwa uangalifu na uvumilivu ambao mwenye kiwanda yeyote angeufurahia. Alifanya kazi, tofauti ni kwamba alimlipa mwajiri badala ya kulipwa.

Kinachomshika mtu hivyo kimechunguzwa kitaalamu. Katika miaka ya 1950, B. F. Skinner wa Marekani alionyesha kwamba njiwa anayepewa chakula baada ya midonoo isiyotabirika huendelea kudonoa kwa nguvu na kwa muda mrefu, hata chakula kinapokoma. Mwaka 2012 mtafiti Natasha Dow Schüll alitoa kitabu kuhusu wacheza mashine wa Las Vegas, akaeleza jinsi wengi wao wanavyofika mahali ambapo hawatafuti tena ushindi. Wanatafuta kuendelea tu, wakiwa wamesahau saa, mwili na watu wa nyumbani. Upo pia ujanja wa kusherehekea hasara: mtu anaweka Sh. 100, anarudishiwa Sh. 40, na mashine inapiga muziki wa ushindi. Amepoteza Sh. 60, lakini masikio yake yameambiwa ameshinda.

Hapa mhakiki mwaminifu lazima akubali kwamba kazi hii imetengenezwa kwa ufundi. Picha zinavutia, ukimya na sauti vimepangwa kwa kipimo, na vitabu 3 vinapotokea moyo huruka kweli. Tusiwaambie vijana kwamba mchezo haupendezi; watatucheka, na watakuwa na haki. Suala ni kwamba ufundi wote huo umetumikishwa kwa kazi moja, yaani kumfanya mtu asisimame.

Ushahidi unatoka hata kwa mabepari wenyewe. Uingereza, ambayo imeruhusu kamari kwa upana mkubwa, ililazimika mwezi Oktoba 2021 kupiga marufuku, katika michezo ya namna hii ya mtandaoni, mzunguko wa chini ya sekunde 2.5, kubonyeza kwa kujiendesha, na sherehe za hasara zilizovikwa nguo za ushindi. Mwaka 2025 waliweka ukomo wa dau: pauni 5 kwa mzunguko, na pauni 2 kwa vijana wa miaka 18 hadi 24. Kama mchezo huu ni burudani tupu, kwa nini ufungwe breki? Na tujiulize: ni ipi kati ya kinga hizo ambayo kijana wetu anaifahamu, ili naye aweze kuidai?

MISRI ISIYOONYESHWA

Iko Misri nyingine ambayo Rich Wilde hakutani nayo. Ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mkabala na mji wa Luxor wa leo, kilikuwapo kijiji cha Deir el-Medina. Wakazi wake walikuwa wachongaji na wachoraji wa makaburi ya wafalme, na mshahara wao ulikuwa nafaka. Katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III, yapata miaka 1,150 na zaidi kabla ya Kristo, posho yao ilichelewa. Wakaweka chini zana, wakavuka kuta za eneo la makaburi, wakaenda kukaa karibu na hekalu wakidai chakula chao. Habari hizo ziliandikwa na karani Amennakht, na mafunjo yake yamehifadhiwa Turin, Italia. Ni miongoni mwa migomo ya kale zaidi ambayo dunia ina kumbukumbu yake.

Watu wale walilala kila siku hatua chache kutoka kwenye dhahabu. Wapo baadaye, katika utawala wa Ramesses IX, walioshtakiwa kwa kuvunja makaburi, na miongoni mwa washtakiwa walikuwa wachonga mawe. Lakini wagomaji wa mwaka wa 29 hawakwenda kutafuta bahati kaburini. Walikaa pamoja, wakadai kipimo chao, wakapewa. Walielewa kwamba njaa yao haikutokana na kukosa bahati. Ilitokana na ghala lililokuwa na mwenyewe.

Linganisheni, ndugu, njia hizo mbili. Mcheza kamari ana njaa kama ya mgomaji. Lakini mchezo unamtenga na wenzake, kila mmoja na kioo chake gizani, kila mmoja akiamini kwamba kinachomkwamisha ni kitabu kimoja tu.

WAJIBU WETU

Yapo makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni lile tulilolifanya sisi: kuhubiri. Karipio humfanya kijana afiche simu, halimfundishi hesabu. La pili ni kumsamehe kila kitu kwa kusema kwamba yeye ni mwathirika wa mfumo na hana la kufanya. Mtu mwenye kidole ana uwezo wa kukiondoa kitufeni, na familia inayongoja fedha zake ina haki ya kumwuliza.

Mkufunzi apige hesabu ya asilimia 96.21 ubaoni, mara zote 18, wanafunzi wakizikokotoa wenyewe. Aeleze kwamba magurudumu hayapo. Atoe picha ya mizani ya Anubis na kueleza maana yake. Na aliyekwisha kunasa asiachwe akahangaika peke yake; akubaliane na watu wake washike fedha zake kwa muda, na akutane na wenzake waliokwisha kuacha.

Muhula huu kijana yule amerudi. Tulimwomba radhi, kisha tukamwomba asimame mbele ya darasa apige ile hesabu. Aliipiga vizuri, mstari kwa mstari, hadi Sh. 4,988. Alipomaliza aliweka chaki chini, akatuuliza: "Ndugu Mkufunzi, hesabu nimeielewa. Lakini nikimaliza chuo, kazi iko wapi?"

Darasa lilinyamaza, na sisi pia. Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile, na hatutajifanya kuwa nalo katika ukurasa huu. Tunasema tu kwamba swali hilo ndilo lililokuwa limefichwa nyuma ya nguzo na mahekalu yote yale. Mchezo unalijibu kwa uongo kila baada ya sekunde 6. Mradi sisi makada hatujalijibu kwa ukweli, yaani kwa kazi na kipimo cha haki, kioo kile kitaendelea kuwaka usiku.